UZI: Land Rover 109 ya marehemu mzee, kondensa ya fundi redio na koili ya Toyota. Tunavyoliwasha hapa Kigoma

#1 – Mleta uzi (Kigoma, Gungu)

Wakuu heshima zenu.

Nina Land Rover Series III, 109 (ile ndefu), injini ya petroli ya cc 2286. Mzee wangu alilinunua likiwa limeshatumika, akalitunza mpaka Mungu alipomchukua, na tangu hapo liko mikononi mwangu. Si gari la maonyesho. Linabeba mihogo, mbao, watu wa msiba na mafuta ya mawese. Kila wiki linapanda Kalinzi na kurudi. Series III zilianza kutengenezwa 1971 zikakoma 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina zaidi ya miaka 40.

Bodi si tatizo, ni alumini, haishiki kutu ovyo. Fremu tulishaichomelea. Injini yenyewe inavumilia. Kinachotusumbua sisi wenye petroli za zamani ni moto wa plagi: platini (vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana), kondensa, koili, rota (kile kinachozunguka chini ya kofia) na kofia ya distributa, chombo kinachogawa moto kwa plagi. Ukiagiza Dar vinapanda basi, unangoja, na vikifika nusu yake ni feki. Ndiyo maana nimeamua kuandika vifaa mbadala nilivyojaribu kwa mkono wangu, vilivyokubali na vilivyokataa. Nitaandika kwa vipande, jioni jioni.

Kwanza tuelewane kazi inavyofanyika, maana nimeona mafundi wazuri kabisa wanabadilisha vitu kwa kubahatisha.

Umeme wa volti 12 unatoka betri, unapita swichi, unaingia koili, unatokea platini, unakwenda bodi. Platini zikiwa zimegusana, koili inajaa sumaku. Distributa ikizunguka, kile kinundu cha shafti kinazitenganisha platini, umeme unakatika ghafla, ile sumaku inaanguka, na kuanguka kwake ndiko kunakozaa maelfu ya volti yanayopita kwenye rota hadi plagi. Kadiri umeme unavyokatika kwa ukali, ndivyo cheche inavyokuwa na nguvu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, jambo hilo linatokea mara 100 kila sekunde.

Sasa kondensa, kile kikopo kidogo cha bati chenye waya mmoja, kazi yake ni kuupokea umeme pale platini zinapoachana ili usiruke hewani kati ya vyuma viwili. Kondensa ikifa, umeme haukatiki kwa ukali, unajikokota. Platini zinaungua, na cheche ya plagi inakuwa ya njano, nyembamba, haina ubavu wa kuchoma mafuta silinda ikiwa imebana.

Kilichonikuta ni hiki. Nimetoka mjini nimepakia, nimepita Mwandiga, naanza kupanda. Gari likaanza kukohoa, likapiga mshindo kwenye silensa, likazima. Nikasubiri kama nusu saa, likawaka kama halijafanya kitu. Kilomita chache mbele, yale yale. Siku hiyo nilifika Kalinzi usiku. Fundi wa kwanza akasema kabureta. Wa pili akasema pampu ya mafuta, tukabadilisha, pesa ikaenda. Hakuna hata mmoja aliyefungua kofia ya distributa gari likiwa limezima, lingali la moto.

Mimi nilifungua siku ya tatu lilipozima. Nikamwambia dogo apige stata, mimi naangalia platini. Mwanga wa bluu mkubwa unaruka pale kila zinapoachana, kama mtu anachomelea. Baada ya kupoa, mwanga ule haupo. Hapo nikajua ni kondensa inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa.

Duka moja la spea wakanipa kondensa "mpya". Ilidumu siku mbili.

Nikaenda kwa fundi redio pale Mwanga, karibu na soko. Nikamweleza: nataka kitu cha maikrofaradi 0.2 hivi, kinachovumilia volti nyingi. Hakuuliza mara mbili. Akavuta sanduku la televisheni zilizokufa, zile za mgongo mrefu, akageuza sakiti moja, akanionyesha kitu cha rangi ya kahawia kama punje kubwa ya maharage, kimebanwa karibu na ile transfoma ya kioo. Kimeandikwa 224J 630V. Akanifundisha kusoma: 22 halafu sifuri nne, yaani pikofaradi 220,000, yaani maikrofaradi 0.22. Herufi J ni kwamba inaweza kupishana asilimia 5 tu. Akaipima kwenye mita yake, ikasoma 0.218. Kondensa nyingi za gari ziko kati ya 0.18 na 0.25, kwa hiyo imekaa katikati kabisa.

Akaing'oa kwa soda aini, akaunga waya laini wenye nyuzi nyingi pande zote mbili, akaitia ndani ya kifuniko cha kalamu ya maka, akamimina gundi ile ya kuchanganya mbili. Tukaacha ikauke mpaka jioni. Waya mmoja nikaufunga kwenye ncha ya koili inayokwenda platini, mwingine nikaubana kwa skrubu ya bodi iliyoshika koili. Ile kondensa ya zamani nikaitoa kabisa. Ukiiacha ndani na imepiga shoti, hiyo mpya haitakusaidia chochote.

Inatembea mwezi wa kumi na nne sasa. Platini zake nikizifungua ni za kijivu safi, hazina kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili.

Kesho nitaleta habari ya koili.

#2 – Mdau wa Tabora

Mkuu umeandika vizuri lakini mimi nashauri ungeng'oa hiyo petroli ukaweka 3L ya Toyota. Dizeli haina platini, haina kondensa, haina plagi. Hapa Tabora 109 nyingi zimeshabadilishwa. Unapunguza na matumizi ya mafuta.

#3 – Mleta uzi

Nakuelewa mkuu, na kwa mtu wa biashara kila siku siwezi kumkataza. Lakini piga hesabu: injini, gia boksi au sahani ya kuunganishia, mounting mpya, radieta, halafu fundi. Kwa pesa hiyo mimi naendesha petroli miaka mingi. Na hili gari nataka wanangu walikute lilivyo. Kila nilichobadilisha kinaweza kufunguliwa kwa spana na bisibisi, kikarudi cha kiwandani siku nitakapokipata. Sijakata kitu.

#4 – Mdau, fundi redio (Kasulu)

Naomba niongeze hapo kwa mleta uzi, kwa usalama wa wengine.

Kapasita, yaani hiyo hiyo kondensa, si zote. Zile za silinda zenye mstari wa alama ya kutoa pembeni, za kuchujia umeme, msiweke. Zina chanya na hasi, na hazikuumbwa kwa mapigo ya kasi. Zitavimba na kupasuka. Mnatakiwa ile ya filamu, kama aliyoeleza. Na msidanganyike kwamba gari ni volti 12 basi kapasita ya volti 50 inatosha. Platini zikiachana, pale katikati volti zinapanda hadi mia mbili, mia tatu na zaidi kwa kitambo kidogo sana. Ndiyo maana 630 ni salama, na 400 ni ya kubahatisha.

Jambo jingine, kapasita ya redio imezoea kutulia kwenye sakiti. Kwenye injini inatikiswa. Waya zake ngumu zinakatika shingoni. Kuimwagia gundi na kutumia waya wa nyuzi nyingi ni lazima, si urembo.

#5 – Mleta uzi

Asante sana fundi, hapo umenisaidia kusema nilichokuwa sijakieleza.

Koili. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, na mimi niliharibu.

Koili ya mzee ilivuja mafuta yake ya ndani, ikaanza kufa injini ikishika moto. Kwenye vyuma chakavu nikapata koili ya Toyota ya petroli ya miaka ya themanini. Umbo lile lile, kopo jeusi, bano lile lile la kuifungia. Nikaifunga. Gari likawaka kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, nikafurahi. Siku ya tano likazima. Platini zimeungua nyeusi, na koili ilikuwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa kiganja.

Kosa langu: sikupima. Koili ya gari lisilo na rezista, ukiweka mita kwenye ncha zake mbili ndogo, inasoma kama omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Volti 12 gawanya kwa 3 ni ampea 4, na platini zinaweza kuishi na hizo. Ile ya Toyota ilisoma omu 1.4. Gawanya mwenyewe: zaidi ya ampea 8. Platini zinabeba mzigo mara mbili ya ule zilioumbiwa.

Koili ile haikuwa mbovu. Kwenye Toyota ilikuwa inasaidiwa na rezista ya nje, kale kajiwe keupe kama chaki kaliko ndani ya bano la bati pembeni ya koili. Aliyeing'oa aliacha jiwe kwenye gari. Nikalitafuta, nikalipata kwenye Datsun pick-up iliyolala nyuma ya gereji, nikalipima: omu 1.6. Jumla omu 3.0 kamili. Nikalifunga kati ya swichi na ncha ya chanya ya koili, juu ya chuma tupu mbali na waya, kwa sababu jiwe hilo linapata moto kweli kweli na ndiyo kazi yake.

Kuna faida moja ambayo Wajapani waliiwazia. Ukipiga stata, betri inashuka hadi volti 10 au 9, cheche inalegea wakati ule ule unaoihitaji zaidi. Kwenye magari yao, wakati wa stata umeme unalizunguka jiwe, unaingia koili moja kwa moja. Ukiachia ufunguo unarudi kupita kwenye jiwe. Mimi nimeweka rilei ndogo ya honi (swichi inayowashwa kwa umeme) inayoamshwa na waya wa stata. Asubuhi za baridi kule Kalinzi linaitika mara moja.

Ncha za koili msizipishane. Kwenye koili za Lucas za zamani utaona SW na CB badala ya chanya na hasi. SW ni upande wa swichi, CB ni upande wa platini. Kama ethi ya gari (upande wa betri uliofungwa kwenye bodi) ni hasi, SW ndiyo chanya.

Mzee alikuwa na daftari la jalada gumu, linakaa chini ya kiti cha dereva. Ameandika kwa mkono wake: mpangilio wa moto 1-3-4-2, distributa inazunguka kinyume cha saa, platini milimita 0.38. Tarehe za kubadilisha oili. Chini yake sasa nimeandika mimi: koili ya Toyota omu 1.4, jiwe la Datsun omu 1.6, kondensa ya TV 0.218. Atakayefuata asianze upya.

#6 – Mdau wa Kasulu mwenye Peugeot

Mleta uzi ubarikiwe. Mimi nina Peugeot 404 pick-up ya baba mkubwa, imekaa miaka sita kwenye banda, na nimeanza kuiamsha. Hizi gari watu wamezisahau, lakini Safari Rally ya 1966 na ya 1967 zote alichukua Bert Shankland akitokea Dar, akiendesha 404.

Swali langu. Platini za Ducellier sizipati. Bodaboda zimejaa kila kona na CDI zake (vile viboksi vya moto wa plagi) ni bei ya chini. Kwa nini nisifunge CDI na koili ya pikipiki, nikaachana na platini?

#7 – Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu. Swali hili nimeulizwa mara nyingi kijiweni.

CDI haifanyi kazi kama mfumo wetu. Kwetu koili inajazwa sumaku, halafu inakatwa. Kwenye CDI, kapasita iliyo ndani ya lile boksi ndiyo inayojazwa volti mia mbili, mia tatu hivi, halafu inamwagwa yote kwa mkupuo ndani ya koili. Kwa pikipiki nyingi volti hizo zinatoka kwenye koili maalumu iliyo ndani ya magineti ya injini. 404 yako haina kitu hicho. Zipo CDI zinazokula umeme wa betri moja kwa moja, lakini nazo zinangoja ishara kutoka kipande cha sumaku pale kwenye magineti, na zina mpango wao wa kuwahisha moto uliopigiwa hesabu ya injini ya silinda moja. Utajenga mambo matatu ili ukwepe jambo moja.

Na ile koili ya pikipiki ya CDI usiifunge kwenye platini hata kwa majaribio. Ipime: chini ya omu 1. Itazichoma platini ulizonazo dakika hiyo hiyo.

Platini zenyewe, kabla hujakata tamaa, zitoe, angalia kama vichwa bado vina chuma. Kama kuna kichuguu, kisawazishe kwa tupa ndogo ya kucha au jiwe laini la kunolea. Msasa unaacha punje zinazoingia katikati. Futa kwa kitambaa chenye petroli, pitisha kipande cha karatasi safi katikati, rekebisha nafasi kuwa milimita 0.40. Paka grisi kidogo sana, kama kichwa cha njiti, pale kinundu cha shafti kinapogusa kile kiatu cha plastiki. Platini nyingi zinakufa kwa kiatu kulika. Nafasi inajifunga polepole na dereva anadhani ni mafuta mabaya.

Habari njema kutoka kwa bodaboda hakuna, ila kutoka kwa wamwagiliaji ipo. Plagi ya pampu ya maji au jenereta ndogo ya Honda GX160, ile NGK BPR6ES, ina uzi wa milimita 14, urefu wa uzi milimita 19, na inakubali soketi ya plagi ya Land Rover. Inaingia kwenye 2286 yangu bila kulazimisha, na inauzwa kila duka la pampu kuanzia Ujiji hadi Uvinza. Iliyoandikwa kwenye kitabu ni Champion N12Y, ambayo kwa NGK ni sawa na BP5ES. Hiyo namba 6 ni ya baridi zaidi kidogo. Kwa gari linalopanda na mzigo ni sawa kabisa. Kwa gari la kuzunguka mjini polepole itashika masizi mapema, uwe unaisafisha. Lakini mwenye 404 usinunue kwa maneno yangu. Chomoa ya kwako, weka ubavuni mwa hiyo, linganisha urefu wa uzi kwanza. Ikizidi, pistoni inaweza kuigonga.

Huna fila geji (vibati vya kupimia nafasi)? Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Kwa nafasi ya plagi hiyo inatosha. Kwa platini haitoshi, tafuta fila.

#8 – Mzee mmoja, mstaafu (Ujiji)

Vijana, nimesoma yote kwa utulivu. Mimi nimeendesha Land Rover za serikali tangu zile za Series II.

Kijana mwenye uzi, umesema ethi hasi. Waambie wenzio kwamba za zamani, za miaka ya mwanzo ya sitini, ethi yake ilikuwa chanya. Mtu akifunga vitu vya Mjapani bila kutazama betri imefungwaje ataviunguza.

La pili, hukutaja kaboni ya kofia. Katikati ya kofia ya distributa, ndani, kuna kijiti cha kaboni chenye springi kinachogusa rota. Kikiisha, cheche inaruka umbali ule, kofia inapata joto, inapasuka. Sisi porini kule Uvinza tulikuwa tunavunja betri kubwa ya tochi. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha kaboni. Unakiosha ule unga mweusi, unakisugua kwenye jiwe kwa duara mpaka kitoshe tundu, unakata urefu, unarudisha springi. Nimetoka nacho Uvinza mpaka Tabora. Ila iwe betri ya kawaida. Hizi za alkalini ukizivunja hukuti kijiti cha kaboni.

Kofia ikiwa na ufa, utaona mstari mwembamba mweusi kama umechorwa kwa penseli. Hiyo ndiyo njia ya cheche. Ukwangue wote kwa ncha ya kisu mpaka uone plastiki safi, kausha juani, pakaza gundi ngumu. Inakufikisha nyumbani. Isiwe ya kudumu.

#9 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru mno. Kaboni ya betri naiandika kwenye daftari leo leo.

Umenikumbusha rota, na hii ndiyo iliyonitesa kuliko zote.

Baada ya kondensa na koili kukaa sawa, nikasema nibadilishe na rota iwe mpya kabisa. Nikanunua, haina jina, plastiki nyeusi inang'aa. Gari likatembea wiki moja, likazima katikati ya soko la Mwanga mchana, jua kali. Moto haupo kwenye plagi hata moja. Nikachomoa waya mkubwa wa katikati ya kofia, nikausogeza karibu na bodi, nikapigiwa stata: cheche ya bluu, nene, inasikika "tak, tak". Kwa hiyo koili nzima, platini nzima, kondensa nzima. Moto unapotelea kati ya kofia na plagi.

Nikaacha rota mahali pake, kofia nimeitoa. Nikashika ule waya mkubwa kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake nikaiweka juu ya bati la shaba la rota, umbali kama milimita 5. Rota isiyo na kasoro haina pa kupeleka umeme hapo, kwa hiyo cheche haitakiwi kuruka. Dogo akapiga stata. Ikaruka! Inaingia kwenye bati, inatoboa plastiki, inashuka kwenye shafti, inaishia bodi. Kila tone la umeme lililokuwa liende kwenye plagi linamwagika hapo.

Nikaipasua baadaye nikaone. Bati la juu limefungwa kwa ribiti inayopenya chini, na mwisho wa ribiti uko karibu mno na ile klipu ya springi inayobana shafti. Kati yao plastiki ni nyembamba kama ukucha. Ikipata joto inatobolewa. Rota ya marehemu mzee wangu, iliyolika ncha, haina ribiti kabisa: bati limezamishwa ndani ya plastiki wakati wa kuitengeneza. Nikairudisha ile ya zamani, nikaisafisha ncha kwa msasa mwepesi, gari likawaka pale pale sokoni.

Distributa yangu ni Lucas 45D4. Hiyo hiyo ilifungwa kwenye Mini na MGB, kwa hiyo rota, kofia na platini za magari hayo zinaingia. Land Rover za zamani zaidi zina 25D4, na vifaa vya hizo mbili havibadilishani. Ukiagiza, taja namba iliyogongwa ubavuni mwa distributa, usiseme tu "ya Land Rover". Na ukiletewa yenye ribiti, ifanyie lile jaribio kabla hujasafiri.

#10 – Mdau wa Tabora

Mkuu nimekubali, narudisha maneno yangu ya 3L kidogo. Swali: zipo seti za elektroniki zinaingia ndani ya distributa, unatoa platini na kondensa, unaweka kiboksi chenye waya mbili na pete ya sumaku chini ya rota. Hizo vipi?

#11 – Mleta uzi

Ni nzuri, sitasema vinginevyo. Hakuna kiatu cha kulika, taimingi (wakati wa cheche kuruka) haitembei. Nyingi zake zinataka ethi hasi, na zinataka koili yenye omu zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Mtu mwenye ile koili ya 1.4 bila jiwe atakiua kiboksi. Zile za aina ya zamani zinaungua pia ukiacha swichi imewashwa injini imezima, kwa mfano unasikiliza redio.

Kinachonizuia ni barabara ninazopita. Platini zikigoma porini nina tupa, nina karatasi, naondoka. Kiboksi kikigoma nimekaa. Ukiamua kukifunga, chukua sahani nzima ya platini na kondensa, zikiwa zimeshawekwa nafasi yake, zifunge kwenye mfuko wa nailoni, ziweke kwenye dashibodi pamoja na bisibisi.

Taimingi baada ya kubadilisha chochote kati ya hivi ipigwe upya. Kibalbu cha taa ya nyuma ya pikipiki kinatosha: waya mmoja kwenye ncha ya koili ya platini, mwingine bodi, swichi imewashwa. Zungusha injini kwa mkono mpaka alama ya puli ifike panapotakiwa na kitabu cha injini yako, silinda ya kwanza ikiwa kwenye kubana. Legeza distributa, izungushe taratibu. Balbu ikiwaka tu, ndipo platini zimeachana. Kaza hapo.

#12 – Mdau wa Kasulu mwenye Peugeot

Wakuu narudi na majibu. Nimezisawazisha platini, nimeweka 0.40. Fundi redio wa #4 kumbe yuko mtaa wa pili kutoka kwangu, amenitengenezea kondensa ya 224. 404 imewaka leo saa kumi jioni, baba mkubwa alitoka na fimbo yake akasimama mlangoni akisikiliza.

Ila silinda ya tatu inamisi. Kwenye 404 plagi zimezama kwenye visima virefu vilivyopita katikati ya kava la vali. Nimechungulia kisima cha tatu, kina oili.

#13 – Mleta uzi

Hongera sana ndugu yangu, na mpe mzee shikamoo yangu.

Hiyo oili inapita kwenye sili ya kile kisima, ya juu au ya chini. Inyonye kwa bomba la sindano na kipira, futa kile kirefusho cha bakelaiti cha plagi, kikague kama kina mstari mweusi kama alivyosema mzee wa Ujiji. Sili za mpira utapata zinazokaribia kwenye duka la pampu. Nenda na ile ya zamani mkononi, upime.

Jumamosi nakuja Kasulu na mzigo. Nina kondensa mbili za ziada kwenye kopo, zimeshamwagiwa gundi, nakuletea moja. Na lete kile kirefusho, nina mita.